Nafion, polipiroli au PEDOT: utando gani uweke kwenye kihisi cha dopamini

Binti mmoja anayeandika memwari yake ya kemia (tasnifu ya mwisho wa masomo) alinifuata nyumbani, Kampemba, hapa Lubumbashi, kompyuta mkononi na furaha usoni. "Yaya, angalia. Dopamini yangu inaonekana." (Yaya kwetu ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto; dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupeana habari.) Na kweli ilionekana kwenye mchoro wa mkondo wa umeme dhidi ya volti: kilele chembamba, kirefu, karibu na volti 0.2, kimesimama wima kama lile bomba la moshi la kiwanda cha zamani ambalo ukiwa Lubumbashi hulikosi machoni. Nikamwuliza ameipima ndani ya nini. Akasema ndani ya bafa safi ya fosfeti (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike), pH 7.4.

Kesho yake maabara nikavunja kipande cha kidonge cha vitamini C, kile cha kutafuna kinachouzwa kila famasi, nikakidondosha ndani ya chombo chake na kukoroga. Akapima tena. Kilele kilikuwa kimemezwa. Pamebaki kilima kimoja kinene kisicho na kichwa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo ndilo sababu ya ulinganisho huu: "Sasa niweke polima gani?" Yaani utando gani wa molekuli ndefu kama mnyororo upakwe juu ya elektrodi ya kaboni ili dopamini itengwe na vitamini C.

Kaboni tupu huiona dopamini bila shida. Hata ile ya kreyo (penseli, kwa mliosoma upande wa Tanzania) huiona. Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas alichomeka elektrodi ya kaboni kwenye ubongo wa panya mwaka 1973, akapata mkondo wa kupendeza, na baadaye ikaja kueleweka kwamba sehemu kubwa ya mkondo ule ilikuwa vitamini C. Katika majimaji yanayozunguka seli za ubongo, vitamini C hufika maikromola 200 hadi 400, wakati dopamini iliyotulia ni nanomola chache au makumi machache. Kwa hiyo unatafuta sauti ya mtu mmoja katikati ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, siku ya Jumamosi.

Ugomvi wa dopamini na vitamini C una sura mbili. Ya kwanza ni kwamba juu ya kaboni tupu wote wawili huachia elektroni kwenye volti zinazokaribiana, ndiyo maana vilele vikaungana. Ya pili ni ya kichinichini zaidi, na wanafunzi wengi huisahau. Dopamini ikishanyang'anywa elektroni zake mbili hugeuka kwinoni. Vitamini C iliyo jirani huirudishia kwinoni hiyo elektroni, inakuwa dopamini tena, inarudi kwa kaboni na kunyang'anywa upya. Molekuli moja unaihesabu mara mbili, mara tatu. Ndiyo maana mstari wa vipimo uliouchora kwenye bafa safi hukudanganya ukifika kwenye sampuli ya kweli.

Bahati yetu ni chaji. Kwenye pH 7.4 dopamini ina chaji chanya. Vitamini C na asidi ya yuriki (taka iliyomo kwenye damu na mkojo) zina chaji hasi. Weka mbele ya kaboni mlango wenye chaji hasi, na mgeni mmoja atavutwa ndani huku wengine wakisukumwa nje. Polima mbili za kwanza nitakazozitaja ni namna mbili za kujenga mlango huo; nyingine zina njia zake. Usichague polima kwa ukubwa wa kilele inachokupa. Chagua kwa yule inayemzuia, na kwa uwezo wako wa kuitengeneza mara kumi ikatoka vilevile.

Kwa wapenda historia: mwaka 2000 tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa kwa polima zinazopitisha umeme, na mwaka uleule Arvid Carlsson alikuwa mmoja wa watatu waliopata ile ya tiba, kwa kazi yake juu ya dopamini. Sidhani kamati mbili zile zilishauriana, lakini sisi tunaotengeneza vihisi hivi tunakula kwenye sahani zote mbili.

Nafion: tone moja na subira

Nafion ilitoka DuPont, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mkono wa Walther Grot. Uti wake ni kama Teflon ya kikaango kisichoshika chakula, na mikia yake ni salfoneti, yenye chaji hasi. Inauzwa ikiwa imeyeyushwa kwenye alkoholi na maji, mara nyingi kwa asilimia 5. Mimi huizimua kwa ethanoli hadi asilimia 0.5.

Kazi yenyewe ni hii. Elektrodi ya kaboni ya kioo, kipenyo milimita 3, naisugua kwa alumina ya maikromita 0.3 halafu ya 0.05, nikichora namba nane juu ya kitambaa mpaka uso uwe kioo cheusi. Naisuuza, naikausha, naisimamisha uso ukitazama juu. Pipeti, maikrolita 5. Tone hukaa limevimba kama jicho la samaki, halafu polepole linashusha mabega, na ukingoni zinatokea rangi za upinde kama mafuta juu ya dimbwi la barabarani. Hapo mkono mbali. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la mji huu huingia hata kwenye droo iliyofungwa, basi naifunika elektrodi kwa glasi ya maji iliyopinduliwa, na chini ya mdomo wa glasi naweka kijiti cha kiberiti ili alkoholi ipate pa kutokea. Januari mvua zikikolea, tone lilelile huchukua muda zaidi kukauka na utando hutoka tofauti. Elektrodi ya Julai usiilinganishe na ya Januari kabla ya kuzipima upya zote mbili.

Uzuri wake mkubwa kwetu: haihitaji umeme kuumbika. Inakauka yenyewe hata mtaa mzima ukiwa gizani. Inavuta dopamini, inasukuma vitamini C na asidi ya yuriki, inasukuma pia DOPAC, ambayo ni mabaki ya dopamini yenyewe. Na ukifanya kazi na majimaji ya mwili, inasaidia kuzuia protini zisigande juu ya kaboni.

Ubaya wake ni unene. Tone halikauki sawasawa: ukingo hunenepa, katikati hubaki pembamba. Ukiweka nyingi, dopamini inachelewa kufika, na kihisi kinajibu kivivu. Ukiweka kidogo, vitamini C inapenya. Halafu mlango huu unaangalia chaji peke yake, hauangalii sura: serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo, zinapita, na noradrenalini huachia elektroni karibu palepale na dopamini. Hilo usitarajie Nafion ikutatulie.

Polipiroli iliyochomwa kupita kiasi

Huyu ndiye mshindani wa kweli wa Nafion, na kisa chake kinachekesha. A. F. Diaz na wenzake wa IBM walionyesha mwaka 1979 jinsi ya kuotesha utando wa polipiroli juu ya elektrodi kwa umeme, na dunia ikafurahi kwa sababu utando ule unapitisha umeme. Sisi tunauotesha, halafu tunauua upitishaji huo kwa makusudi.

Unaanza na piroli. Ikiwa safi ni majimaji yasiyo na rangi. Ukipewa chupa yenye rangi ya chai ya rangi, ujue hewa na mwanga vimeshaipata, na itabidi uikeneke kwa joto la nyuzi 130 hivi. Wapika lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, wanaijua kanuni, ila huku usionje, na ufanye kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Baada ya kukeneka, iweke gizani kwenye baridi.

Unaweka elektrodi ndani ya mmumunyo wa piroli wenye chumvi, unashikilia volti 0.7 au 0.8 dhidi ya elektrodi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha (ile ambayo volti nyingine hupimwa kwayo), na uso unaanza kuwa mweusi. Kisha unaihamishia kwenye bafa isiyo na piroli na kuizungusha hadi karibu volti 1.2, mara nyingi, mpaka mkondo ushuke na kutulia. Kwa kuchomwa huko polima hupata vikundi vya oksijeni vyenye elektroni nyingi, hutema chumvi iliyokuwa nayo, na hubaki utando mwembamba usiopitisha umeme lakini unaopitisha dopamini na kuzuia vitamini C. Kaboni ya chini ndiyo inayofanya kazi. Polima ni mlinzi tu wa mlangoni.

Faida yake kubwa kuliko Nafion ni hesabu. Unene unaupima kwa chaji iliyopita, kwa kulomu, kwa hiyo elektrodi ya kwanza na ya kumi zinaweza kufanana kweli. Na inaota popote penye kaboni: juu ya mine ya kreyo (kijiti cheusi cha ndani ya penseli) ya milimita 0.5, juu ya unyuzi wa kaboni wa maikromita 7 ambao watu wa ubongo hutumia. Jaribu kuweka tone likae juu ya unyuzi wa maikromita 7 uone.

Hasara yake kwetu inajulikana na kila mtu wa hapa. Zamani, katika maabara moja ambayo sitaitaja, nilikuwa nimeshaotesha elektrodi nne kwa sekunde 60 kila moja. Ya tano ilipofika sekunde ya 40 hivi feni ikazima, skrini ikazima, na kijana wa mlangoni akapaza sauti, "Yaya, kuran imeenda!" kana kwamba sijaona. Jenereta lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Elektrodi ikabaki ndani ya piroli, na umeme uliporudi sikujua utando una unene gani, kwa sababu hesabu ya chaji ilipotea pamoja na kompyuta. Nikaitupa. Nikatupa na piroli, maana wakati wa kusubiri ilikuwa imeanza kupata rangi.

PEDOT: inafanya kazi nyingine

Wengi huiweka PEDOT kwenye jedwali moja na hizo mbili, nami naona wanakosea. Nafion na polipiroli iliyochomwa ni milango. PEDOT ni barabara: inapitisha umeme, na dopamini inaachia elektroni juu ya polima yenyewe. Haimfukuzi vitamini C, inamsogeza. Juu ya PEDOT vitamini C huachia elektroni kwenye volti za chini zaidi, dopamini hubaki katikati, asidi ya yuriki inakwenda mbele, na unaona vilele vitatu vimeachana. Kama sampuli yako ni mkojo na unataka kuwahesabu wote watatu kwa pigo moja, hakuna kinachoishinda hapa.

Ilizaliwa Bayer, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na ile iliyochanganywa na polima nyingine, PSS, ilitumiwa na Agfa kuzuia filamu za picha zisishike umeme tuli. Shida ya kuitengeneza mwenyewe ni kwamba EDOT, malighafi yake, haipendi maji. Gramu 2 kwa lita ni karibu na mwisho wa uwezo wake, hivyo unakoroga sana na kusubiri sana. Utando mnene una tabia ya kubanduka. Na kwa kuwa una uso mkubwa unaohifadhi chaji, mkondo wa nyuma hupanda, na kilele kidogo cha dopamini kinaweza kuzama ndani yake. Wanaoweka elektrodi ndani ya ubongo wanaipenda kwa sababu nyingine kabisa: inapunguza ukinzani, hivyo elektrodi ileile inasikia pia mapigo ya umeme ya seli. Hilo halihusu mwanafunzi mwenye bika na bafa.

Polima yenye alama ya molekuli

Günter Wulff nchini Ujerumani na Klaus Mosbach nchini Sweden ndio walioipa njia hii sura. Unaotesha polima, kwa mfano ya ortofenilenidiamini, huku dopamini iko ndani ya mmumunyo; kisha unaiosha dopamini itoke, na yanabaki mashimo yenye umbo lake, kama kidole gumba kinavyoacha shimo kwenye tonge la bukari (ugali). Kwa nadharia, hapo ndipo unapoweza kumtenga noradrenalini.

Kwa vitendo, dopamini haitoki yote. Iliyobaki hudondoka polepole wakati unapima, nawe unafurahia ishara uliyojiwekea mwenyewe. Atakayechagua njia hii atengeneze pia pacha wake: polima ileile, siku ileile, bila dopamini ndani. Wawili hao wakitoa majibu yanayolingana, mashimo yako ni hadithi. Kwa memwari ya miezi sita, mimi nasema hapana.

Polianilini ipite haraka: kwenye pH ya mwili inapoteza upitishaji wake, na anilini ni sumu. Na kama kemikali yako ya ubongo ni glutameti, ulinganisho huu wote haukuhusu, kwani glutameti haiachii elektroni juu ya kaboni. Unahitaji kimeng'enya, glutameti oksidesi, juu ya platinamu, ukipima peroksidi ya hidrojeni inayozaliwa.

Vitu vinavyoharibu kazi kabla ya polima

Tuko mji wa shaba, na shaba ndiyo adui wa kwanza. Waya wa shaba unaoshika mine ya kreyo ukigusa mmumunyo, shaba yenyewe itaachia elektroni karibu palepale unapotafuta dopamini, na ioni zake zitaharakisha kuharibika kwa dopamini na vitamini C. Maungio yangu nayapaka rangi ya kucha, tabaka mbili, na mstari wa maji unabaki chini ya rangi hiyo. Vyombo nasuuza kwa EDTA, inayonasa ioni za metali.

Elektrodi ya rejea unaweza kuitengeneza: waya wa fedha kutoka kwa sonara, uoshwe, uzamishwe kwenye javel (dawa ya kung'arisha nguo) mpaka uwe wa kijivu cha zambarau. Inatosha kwa wiki kadhaa ukiilinganisha kila asubuhi na ferisayanaidi, ambayo volti zake zinajulikana.

Dopamini yenyewe: dopamini hidrokloridi, takriban miligramu 19 kwenye mililita 100 inakupa milimola 1. Iyeyushe kwenye asidi kidogo, ifunike kwa karatasi ya alumini. Ikianza kuwa ya waridi, imwage. Kuna wanaochukua ampuli za hospitali, za miligramu 200 kwa mililita 5, kwa sababu zinapatikana. Zina metabisalfaiti ya kuzizuia zisiharibike, nayo inaweza kuchafua vipimo vyako. Kwa kujifunza mkono, sawa. Kwa namba za kuandika kwenye memwari, nunua unga safi.

Sasa uchague

Wengi hapa huingia kwenye somo hili kwa sababu ya mikono inayotetemeka. Katanga ya zamani ina manganizi ya Kisenge, na tangu James Couper wa Uskoti alipoandika mwaka 1837 inajulikana kwamba vumbi la manganizi likimzidi mfanyakazi linamletea ugonjwa unaofanana na Parkinson. Basi mwanafunzi anaota kupima dopamini kwenye mkojo wa mchimbaji na kusoma ubongo wake humo. Ndoto hiyo ina tobo: dopamini nyingi ya mkojo hutengenezwa na figo zenyewe, na ile ya damu haivuki ukuta unaotenga damu na ubongo. Kihisi cha mkojo ni kazi halali kabisa, ila kiitwe kihisi cha mkojo.

Kama una elektrodi moja nzuri ya kaboni ya kioo, umeme wa kubahatisha, na unataka matokeo mwezi huu, chukua Nafion. Mimi mwenyewe ndiyo ninayoanza nayo kila mara. Kama unataka elektrodi nyingi zinazofanana, au unafanya kazi na nyuzi na mine, polipiroli iliyochomwa inaishinda Nafion, mradi piroli yako ni safi na potensiostati (chombo kinachoshikilia volti na kupima mkondo) haitegemei umeme wa ukutani. PEDOT iwe ya atakayetaka vilele vitatu kwa pamoja na ana subira ya kukoroga.

Binti hakunifuata. Elektrodi ya kaboni ya kioo ni moja tu kwa watu sita, akasema, na pakiti ya mine 12 ni bei ya mkate. Akachagua polipiroli, na kuhusu umeme alinitazama kama mtu anavyomtazama mzee: potensiostati yake ni ndogo, inakula umeme wa kompyuta mpakato, na betri ya kompyuta ina saa tatu. Sikuwa na jibu.

Alipomaliza nikavunja tena kipande cha kidonge. Safari hii kilele kilisogea kidogo, kikapungua kidogo, kikabaki kimesimama. Vitamini C ilikuwa kivimbe kidogo upande wa kushoto. Kati ya mine zake 12, 9 zilikubaliana na 3 zilikuwa na mambo yake. Tumezikata na kuziangalia kwa lenzi: mbili zilikuwa na nyufa ndefu, ambamo rangi ya kucha ilikuwa imeingia. Ya tatu hatujaielewa. Jumamosi anarudi na pakiti nyingine, 2B safari hii, maana ina grafiti nyingi na udongo mchache kuliko HB.